Kakakuona na Daftari la Kobe

Katika kijiji cha Mkuyuni, ukingoni mwa mto mkubwa, bajeti ya mwaka ilipangwa na Kakakuona. Mavuno yalipokwisha, wazee walimvisha shanga, wakamtandikia kaniki uwanjani na kuweka mbele yake jembe, kata ya maji, punje za mtama, mkuki na unyoya wa bundi. Kitu alichokisogelea kwanza ndicho kilichoamua fungu kubwa la mfuko wa kijiji liende wapi. Ndivyo walivyofanya mababu, na hakuna aliyewahi kumuuliza Kakakuona mwenyewe.

Mwaka mmoja, baada ya masika yaliyoua watoto wengi, Kakakuona alikwenda moja kwa moja kwenye unyoya. Uwanja mzima ukaguna. Tangu zamani ilisemwa kwamba Bundi ndiye aletaye degedege: hupita juu ya paa usiku, kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto hukakamaa na macho kumgeuka. Mtemi Tembo hakuchelewa. Akatangaza kwamba theluthi moja ya mfuko wa afya itawalipa Nyani wakeshe mitini na ngoma ili wamfukuze Bundi. Theluthi ya pili ilikuwa na mwenyewe tayari, nayo ni ya jino la Simba, ambalo lilimuuma mwaka hadi mwaka, na kila alipounguruma kijiji kizima kilikosa usingizi. Theluthi iliyobaki iligawanywa kwa mengine yote, ikiwemo zahanati ya chini ya mbuyu. Hapo Mganga Nungunungu alikaa peke yake na kasha la dawa lililofungwa mjini, lenye vitu vilevile kwa idadi ileile kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake.

Katika baraza lile hapakuwa na mwizi. Mtemi aliwapenda watu wake, na karani wake, Fisi, hakuwahi kula hata simbi moja ya kijiji. Fedha ilikwenda kwenye kelele kwa sababu kelele ndiyo iliyofika barazani.

Mwezi uliofuata, kikao kingine kilipokuwa kinafungwa, Mama Digidigi akasimama. Hakuwa na kawaida ya kusema mbele ya wakubwa.

"Shikamoo Mtemi. Juzi nimemzika mwanangu wa tatu. Nyani wamepiga ngoma usiku kucha tangu mwezi uliopita, na Bundi hajalia kwetu hata mara moja."

Fisi akafungua daftari la zahanati, akapitisha kidole. "Pole sana, mama. Lakini humu, mwezi huu, amekufa mtoto mmoja tu, wa Pofu, aliyeanguka korongoni. Wako simwoni."

"Hutamwona, baba. Alifia mgongoni kwangu, njiani, tukitoka zahanati mara ya pili."

Baraza likanyamaza. Kobe, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mzizi wa mkuyu, akanyoosha shingo. "Mtemi, kwa ruhusa yako. Daftari la zahanati huandika waliofika. Wasiofika, na waliofika kisha wakarudi kufia nyumbani, nani anawaandika?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa jibu lilijulikana.

"Basi niacheni nipite nyumba kwa nyumba," akasema Kobe. "Kila aliyezaliwa nimwandike. Kila aliyekufa nimwandike, na niulize amekufaje. Kutoka masika haya hadi masika yajayo."

Nyati akapiga kwato. "Watoto wanakufa leo, Mzee Kobe, wewe unataka kuhesabu! Hesabu inatibu?"

"Haitibu, mwanangu. Lakini ninyi mmetibu miaka yote hii bila hesabu, na makaburi yanaongezeka. Endeleeni na mnayoyafanya. Mimi naomba jambo moja tu, nilipate sasa mbele ya wote: siku nitakapokuja kusoma, mfuko uwe hapa mezani, haujagawanywa. Kama mtanisikiliza mkiwa mmeshagawa, nitakuwa nimetembea bure."

Mtemi akafikiri kwa muda mrefu, kisha akakubali. Ombi lile ndilo lililookoa watoto wa Mkuyuni kuliko neno lingine lolote lililosemwa siku hiyo.

Kobe akaanza safari. Kila nyumba aliifikia mara tatu katika mwaka. Hakuuliza nani amemroga nani. Alikaa kitako, akapokea maji, akatoa pole, akangoja. Kisha akauliza pole pole. Kwa Mama Digidigi maswali yalikwenda hivi:

"Homa ilianza lini?"

"Siku ya nne baada ya mvua kubwa."

"Alikohoa? Kifua kilikuwa kinabonyea akivuta pumzi?"

"Hapana. Alikuwa moto tu, halafu baridi, halafu moto. Siku ya tatu akakakamaa."

"Mlimpeleka wapi kwanza?"

Mama Digidigi akamtazama kama vile swali hilo lilikuwa na mtego. "Zahanati. Siku ileile ya kwanza. Wanadhani sisi wa vichakani hatujui zahanati iko wapi?"

"Mlipewa nini?"

"Mganga alinionyesha kasha. Dawa ya homa ilikwisha tarehe kumi. Akanipa ya minyoo, ndiyo iliyobaki, akaniambia nirudi kasha jipya likija."

Kobe akaandika kila neno. Kwa habari za usiku akamtafuta Bundi, aliyekuwa amejificha upande wa pili wa mto kwa kuogopa ngoma. Bundi akakubali kukesha juu ya vidimbwi na kumpa hesabu kila alfajiri: mbu wanatoka wapi, wanaingia nyumba zipi, saa ngapi. Mshtakiwa akawa shahidi mkuu, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa macho saa ambazo ugonjwa uliingia ndani.

Masika yakarudi, na baraza likakaa. Kobe hakuja na hotuba. Alichora mstari mchangani, akapanga upande wa kushoto kokoto, moja kwa kila aliyekufa, zikiwa mafungu kwa mafungu kufuata ugonjwa. Upande wa kulia, mbele ya kila fungu, akapanga simbi zilizotumika mwaka uliopita kwa ajili ya ugonjwa huo. Alipomaliza akarudi nyuma. Hata vifaranga vya Kanga viliona.

Mbele ya homa ya mbu palikuwa na rundo la kokoto lililomfika Sungura magotini, na simbi chache za kuhesabika. Vichomi na kuhara vilifuata, navyo vilikuwa hivyohivyo. Mbele ya ngoma za Nyani palikuwa na simbi tele, na upande wa kokoto palikuwa patupu. Mbele ya jino la Simba palikuwa vivyo hivyo.

Nyani mkubwa akajitetea kwanza. "Hawa akina mama hawana elimu. Wangeleta watoto mapema wasingekufa."

"Nimewauliza mmoja mmoja," Kobe akajibu. "Wengi wao zahanati ndiko walikoanzia. Walifika. Hawakuikuta dawa."

Nungunungu akainua mkono, miiba yake imelala kwa simanzi. "Anasema kweli. Nimelia na kasha hili miaka yote, lakini hakuna aliyewahi kuja kuniuliza. Mkaguzi wa mwisho alikuja zamani, akahesabu viti, akaondoka."

Ndipo Kakakuona mwenyewe, akiwa bado na shanga shingoni, akasogea mbele ya baraza. "Jamani, mmeniheshimu sana, nami nimeona haya kusema. Macho yangu hayaoni mbali. Mimi nafuata harufu ya mchwa. Ule unyoya mliuweka juu ya kichuguu."

Watu wakatazamana. Mtemi akashusha pumzi ndefu. Mfuko ulikuwa mezani, kama alivyoahidi, lakini mkono wake ukasita. Kuhamisha simbi kutoka kwa Simba kwenda kwa Digidigi si jambo dogo. "Mzee Kobe," akasema, "kuna mahali hili limewahi kufanyika? Nisije nikawa wa kwanza kupotea."

Kutoka kwenye paa la baraza Mbayuwayu akajibu.

"Mtemi, mimi hujenga kiota chini ya mapaa ya binadamu, na nimekaa sana Utete, katika Wilaya ya Rufiji, mto huu unapokaribia baharini. Niruhusu niseme niliyoyaona. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini inaweza kupunguza vifo kwa kiasi kikubwa kwa fedha kidogo, mradi fedha hiyo ielekezwe kwenye maradhi yanayoua wengi. Wizara ya Afya ya Tanzania, pamoja na shirika la utafiti la Canada, IDRC, hawakuipokea kama amri wala hawakuitupa. Walisema tuijaribu. Wakachagua wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zenye watu takriban 700,000 kwa pamoja. Mradi ukaitwa TEHIP."

"Walianzaje?" akauliza Fisi.

"Kama Mzee Kobe. Watu walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika waliozaliwa, waliohama na waliokufa, na kwa kila kifo wakawauliza ndugu dalili zilikuwa zipi, maana wengi walifia nyumbani na hospitali haikuwa na habari zao. Kisha wakaweka vifo upande mmoja na bajeti upande wa pili, kwenye michoro ambayo mganga mkuu wa wilaya angeweza kuisoma bila kumwita mtaalamu. Morogoro ilionekana kwamba malaria ilikula asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali katika bajeti ya 1996 ilipewa asilimia 5."

Baraza likanong'ona. Mbayuwayu akaendelea.

"Na lile la akina mama wasio na elimu lilisemwa kule pia. Watafiti wakawafuata wafiwa wa Rufiji. Kati ya waliokufa kwa malaria, karibu wanane katika kila kumi walikuwa wametafuta tiba ya kisasa kwanza. Lawama ikahama. Haikuwa tena kwa mama kwamba hakwenda, ikawa kwa huduma: alipokwenda alikuta nini?"

"Fedha walizitoa wapi?" akauliza Mtemi. "Sisi mfuko wetu ni mdogo."

"Wao pia. Wakati ule matumizi ya afya yalikuwa takriban dola 8 kwa mtu kwa mwaka. Mradi uliwaahidi nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mtu, lakini mwanzoni wilaya hazikuweza kutumia hata dola 1. Cha maana hakikuwa ukubwa wa nyongeza. Cha maana ni kwamba timu ya wilaya iliachiwa iamue yenyewe kuhamisha fungu, ikiwa na takwimu zake mkononi. Wakaongeza fedha za malaria na vyandarua vyenye dawa. Wakawafundisha wahudumu kumwangalia mtoto mzima anapougua, homa, pumzi, kuhara na lishe kwa pamoja, badala ya kushughulika na ugonjwa mmoja na kumrudisha nyumbani. Wakaweka redio za mawasiliano, na vituo vya afya vikapewa kazi ya kuzitembelea zahanati zilizo chini yao. Wanavijiji wakashirikishwa kukarabati majengo. Ndani ya miaka mitano hivi, vifo vya watoto katika wilaya hizo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40."

Fisi, ambaye miaka yake ya ukarani ilimfunza kutoamini haraka, akakuna kichwa. "Bi Mbayuwayu, huenda ilikuwa miaka ya mvua nzuri tu. Huenda kila mahali vifo vilipungua."

"Swali hilohilo watafiti walijiuliza, na ndiyo sababu nawaamini. Hawakutaka sifa zote ziende kwa jambo moja. Kwa ule utaratibu wa kumwangalia mtoto mzima, walizilinganisha wilaya hizi na jirani zao, Kilombero na Ulanga, ambako ulikuwa haujaanza. Kwa miaka miwili, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa chini kwa asilimia 13 upande wenye utaratibu. Mengine yaliletwa na mambo mengine, na walisema hivyo waziwazi."

Mtemi Tembo akasimama. Akauliza kama kuna mwenye neno, na macho yote yakamgeukia Simba.

Simba alikuwa akitazama kokoto. Alizitazama muda mrefu. "Jino linauma kweli," akasema hatimaye. "Lakini sikuwa najua kwamba upande wa pili kuna hizi. Liacheni kwenye orodha, mlitibu kwa kadiri yake."

Mfuko ukagawanywa upya mchana ule. Nyani wakapewa kazi ya kufukia vidimbwi na kupeleka vyandarua kwenye vichaka. Kasha la dawa halikuja tena limefungwa: Nungunungu akawa anaandika mahitaji yake kabla ya kila mwezi, na masika yalipokaribia aliomba dawa ya homa mara tatu ya kawaida. Akapewa msaidizi, na kila mwezi mkubwa wake wa kituo cha ng'ambo alivuka mto kuja kukaa naye, kutazama wagonjwa pamoja naye na kumrekebisha. Bundi akarudi nyumbani. Kakakuona akabaki na shanga zake na heshima ya ngoma za mavuno, akaondolewa mzigo wa bajeti, jambo lililomfurahisha kuliko yeyote.

Masika yaliyofuata, kokoto zilipungua. Kijiji kikacheza ngoma siku tatu, na siku ya nne Mtemi akamwita Kobe. "Mzee wangu, umetusaidia. Sasa tumeshajua tatizo lilikuwa nini. Pumzika. Posho yako tutainunulia vyandarua."

Kobe alikataa, na alikataa kwa adabu. "Mtemi, ulichonacho ni jibu la mwaka jana. Mto hubadili njia, mbu hubadili tabia, na dawa nayo huchoka. Mwulize Mbayuwayu klorokwini ilikuwaje."

Mbayuwayu akasimulia. Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania, kila mtu akiijua kwa uchungu na mwasho wake. Watoto wakaendelea kupewa, wakaendelea kurudi na homa ileile. Kama watafiti wasingekuwa wakifuatilia vituoni ni wagonjwa wangapi wanapona kweli, watu wangeendelea kuimeza na kumlaumu mama kwamba hakumaliza dozi. Vipimo vilionyesha vimelea vimekwisha kuizoea. Mwaka 2001 nchi ikaacha klorokwini na kuweka dawa nyingine iitwayo SP, na SP nayo ilipozidi kushindwa, mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Mabadiliko yote mawili yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na waliokuwa bado wanapima baada ya wengine kudhani kazi imekwisha.

Mtemi akarudisha posho ya Kobe, na akaongeza vijana wawili wa kujifunza kwake, maana Kobe naye hataishi milele.

Wasimuliaji wa zamani huishia hapo na kumwachia msikilizaji mafunzo yake. Mimi nitayasema, kwa sababu jambo lenyewe ni maisha ya watoto.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sekta yetu ya afya haikosi madaftari. Kila zahanati ina vitabu vyake vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, na wauguzi huvijaza hadi usiku baada ya kuwahudumia wagonjwa siku nzima. Tunavyo vyuo, tunazo taasisi za utafiti wa afya kama ile ya Ifakara zenye wataalamu wanaojulikana duniani. Kinachokosekana mara nyingi ni pale meza inapotakiwa kuwa moja: takwimu upande huu, mfuko upande ule, na mtu mwenye mamlaka ya kuhamisha akiwa katikati. Utafiti ukimalizika baada ya bajeti kupitishwa, umechelewa kwa mwaka mzima, na mwaka mzima ni masika mazima. Ukiandikwa kwa lugha ambayo mganga mkuu wa wilaya hawezi kuimaliza kati ya kikao na kikao, utabaki kabatini. Ukianza na swali la mfadhili badala ya swali la Nungunungu, utajibu jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Rufiji na Morogoro zilifanikiwa kwa kuwa waliofanya utafiti na waliopanga fedha walikaa pamoja tangu swali la kwanza. Watafiti hawakuwatuma wapangaji jibu kwa barua. Na wapangaji walikubali kuonyeshwa, mbele ya wenzao, kwamba fedha zilikuwa zinakwenda mahali pasipo na kokoto. Hilo linahitaji ujasiri ambao hauandikwi kwenye ripoti yoyote.

Kila mwaka halmashauri zetu hupitisha Mpango Kabambe wa Afya. Diwani anayeketi kwenye kikao hicho hahitaji shahada ya udaktari ili atimize wajibu wake. Aulize maswali matatu. Mwaka jana, katika kata zetu, watu wamekufa kwa nini, wakiwemo waliofia nyumbani? Kila moja ya sababu hizo imepewa shilingi ngapi katika mpango huu? Na kipi kimehamishwa tangu mwaka jana baada ya kujua hayo? Asipopata majibu, asiinue mkono kuupitisha.